Moto Usiishie Kwenye Rangi: Jinsi ya Kubuni Danjeni la Elementi

Kila anayeanza kutengeneza gemu la safari na mapambano hufika siku akaandika daftarini: danjeni la moto, danjeni la maji, danjeni la msitu, danjeni la barafu. Orodha inapendeza. Kisha anafungua programu, anapaka kuta rangi nyekundu, anamwaga lava sakafuni, anatundika popo wanaowaka, anajiona amemaliza. Badilisha nyekundu kwa buluu na lava kwa theluji, danjeni lile lile linakuwa la barafu bila kuhamisha hata mlango mmoja. Basi moto haukuwemo tangu mwanzo. Kilichokuwemo ni rangi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetengeneza gemu peke yake au na marafiki wawili watatu, kwa kompyuta ya kawaida na programu ya bure kama Godot. Ninaposema danjeni nakusudia lile eneo lililofungwa lenye vyumba, kufuli, mafumbo na bosi, yaani adui mkuu, anayengoja mwisho, liwe pango, hekalu au tumbo la samaki. Mifano mingi nitaitoa kwenye The Legend of Zelda: Ocarina of Time, gemu la Nintendo la mwaka 1998 ambalo madanjeni yake yalibuniwa na Eiji Aonuma. Limechezwa na kuchambuliwa hadi mazuri na mabaya yake yote yako hadharani. Sambamba na hayo tutajenga danjeni dogo letu wenyewe, la moto, kuanzia karatasi hadi bosi.

Hatua ya 1: Tafuta kitenzi

Elementi tumezirithi kutoka mbali. Mwanafalsafa Mgiriki Empedokles, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alitaja moto, hewa, maji na udongo. Wapiga falaki wa pwani yetu nao hugawa nyota kwa moto, upepo, maji na udongo. Wachina wana tano, mbao na chuma zimo, hewa haimo. Usijifunge na orodha yoyote. Mahekalu makuu matano ya sehemu ya pili ya Ocarina ni ya msitu, moto, maji, kivuli na roho, mpangilio usiopatikana kwa mwanafalsafa yeyote, na sijaona mchezaji aliyelalamika.

Chukua karatasi, andika elementi yako juu, na chini yake vitenzi vyake vyote. Moto huunguza, huyeyusha, hukausha, huangaza, huenea, hupanda juu, hufa ukikosa hewa, hugeuza udongo kuwa mgumu. Sasa futa vyote ubakize viwili. Kwenye danjeni letu tunabakiza "huenea" na "hugeuza udongo kuwa mgumu". "Huunguza", kwa maana ya kumpunguzia mchezaji uhai, nimekifuta makusudi kwenye orodha ya mafumbo. Kila gemu linacho, na hakijawahi kufungua mlango.

Kabla hujachagua, jua kila elementi inakuja na mzigo wake. Maji hupanda na kushuka, na ukikosea unayarudisha yalipokuwa. Mzigo wake ni kumbukumbu, kwa sababu chumba ulichokiona kikavu sasa kina maji na mlango uliokuwa juu ya kichwa sasa uko usawa wa miguu. Moto haurudi nyuma. Kilichoungua kimeungua, kwa hiyo mzigo wake ni mchezaji kukwama baada ya kuchoma alichokihitaji. Barafu iko katikati, inaganda na kuyeyuka, hivyo inakudai saa. Upepo unadai mwelekeo na nafasi pana ya kurukia. Mwanga unakwenda mstari mnyoofu, na ndiyo maana vyumba vyake huwa rahisi kuchora na vigumu kufanya vya kushangaza. Udongo ndio mgumu kuliko zote, kwani umetulia tu haufanyi kitu. Hata Nintendo, walipotengeneza Hekalu la Udongo kwenye The Wind Waker, gemu jingine la Zelda, mwaka 2002, mafumbo yake mengi waliyakabidhi kwa mwanga na vioo.

Chagua kwa kuangalia mzigo unaouweza. Kama hii ni kazi yako ya kwanza, maji yaache kwanza. Sababu iko hatua ya 7.

Hatua ya 2: Uliza jengo lilikuwa la kazi gani

Hekalu la Msitu kwenye Ocarina kwa kweli ni jumba la kifahari lililohamwa: kumbi, picha za ukutani, ua wenye majani yaliyopanda kuta, na mizimwi minne ya kike iliyoiba mioto ya mienge minne ukumbini. Msitu unauhisi kwa namna ulivyolimeza jumba. Hekalu la Great Bay kwenye Majora's Mask (Zelda ya 2000) limejengwa kama mtambo wa kusukuma maji, lina mabomba, vali na gurudumu kubwa. Majengo hayo yalikuwa na shughuli kabla shujaa hajafika, na shughuli hiyo ndiyo inayozaa vyumba.

Danjeni letu liwe tanuri kubwa la matofali na vyungu, lililochimbwa ubavuni mwa kilima na kuachwa. Ukishasema hivyo tu, umepata vyumba sita bure: shimo la kuchimbia udongo, pa kukandia, pa kukaushia, stoo ya mkaa, tanuri lenyewe, na bomba la moshi linalopanda hadi juu ya kilima. Mchezaji ataelewa chumba kabla hajaelewa fumbo.

Hatua ya 3: Andika sheria tatu, kisha ziheshimu kila mahali

Watengenezaji wa Breath of the Wild, nalo gemu la Zelda, walieleza kazi yao kwenye GDC, mkutano wa watengenezaji wa magemu, mwaka 2017, na kiini cha maelezo yale ni kanuni tatu. Elementi hubadili hali ya vitu. Elementi hubadili elementi nyingine. Vitu havibadilishani hali vyenyewe kwa vyenyewe. Basi. Kutokana na hizo tatu, mti unaungua, mvua inazima moto, tofaa lililowekwa motoni linageuka tofaa la kuchoma, na mtu aliyebeba upanga wa chuma wakati wa radi anapigwa. Hakuna aliyeandika tukio la tofaa na moto kama kisa maalumu cha pango fulani. Sheria ni ile ile duniani kote.

Za kwetu:

1. Moto huhamia kwenye kitu kikavu kilicho jirani.
2. Udongo mbichi ukiguswa na moto unakuwa mgumu, na haurudi ulivyokuwa.
3. Maji huzima moto na huulowanisha mkaa usiwake.

Sheria ya nne itakujia usiku na itaonekana nzuri sana. Iandike pembeni kwa ajili ya gemu lijalo.

Kwenye kompyuta, gawa chumba miraba, tuseme 20 kwa 12. Kila mraba unabeba mambo mawili: ni kitu gani (mkaa, udongo, jiwe, maji) na uko katika hali gani (baridi, unawaka, umekwisha). Kila baada ya sekunde 0.4 programu inapita miraba yote. Mraba unaowaka unatazama majirani zake wanne, juu, chini, kulia na kushoto, na jirani mkavu anaandikwa kwamba atawaka. Jibu hilo liandike kwenye nakala ya pili ya ramani, na nakala mbili zibadilishane kwa mpigo mmoja zamu ikiisha. Ukiandika juu ya ramani ile ile unayoisoma kutoka kushoto kwenda kulia, moto utaruka chumba kizima kuelekea kulia na chini ndani ya zamu moja, huku ukitambaa mraba mmoja mmoja kuelekea kushoto na juu. Utakesha ukilaumu Godot.

Sekunde 0.4 si nambari takatifu. Moto uende kasi inayomruhusu mchezaji kukimbia mbele yake kwa shida kidogo. Kwa hiyo anza na kasi ya miguu ya shujaa wako, kisha ndiyo upange kasi ya moto.

Hatua ya 4: Mpe mchezaji chombo kimoja chenye kazi tatu

Nusu ya kwanza ya danjeni mchezaji anahangaika na elementi kama ilivyo. Katikati anapata chombo, na elementi ile ile inageuka rafiki. Mpangilio huu ni wa zamani na bado haujachuja.

Kwenye Hekalu la Moto la Ocarina chombo ni nyundo kubwa. Inagongelea swichi zilizokwama kwa kutu, inafungua njia, na mwishoni inampiga joka kichwani anapochungulia kwenye mashimo ya lava. Fumbo, njia na vita, vyote kwa nyundo moja. Chombo kinachofungua milango ya aina moja tu ni ufunguo uliovaa nguo nzuri.

Katika tanuri letu, nusu ya kwanza mchezaji anabeba kaa la moto ndani ya chungu. Linadumu sekunde 15 kisha linazimika, kwa hiyo kila safari ni mbio kutoka kwenye moto hadi kwenye kitu cha kuchoma. Kuna kitu kama hiki kwenye Pango la Barafu la Ocarina: moto wa buluu unauchota kwa chupa ili kuyeyusha barafu nyekundu, na kwa kuwa chupa zako ni chache, lazima uamue wapi pa kuutumia. Uchache ndio unaoleta akili.

Katikati anapata mvukuto. Mvukuto unafanya mambo matatu: unasukuma moto uruke miraba mitatu upande anaotazama, hata juu ya jiwe, unafufua kaa lililokufa, na unamrudisha nyuma adui mwepesi. Hapo vyumba alivyovipita mwanzo, vyenye makaa mfu sakafuni aliyoyadhania mapambo, vinaamka upya.

Hatua ya 5: Chora kufuli kabla ya ramani

Usichore kuta kwanza. Chora duara kwa kila chumba na mshale kwa kila njia, na juu ya kila mshale andika kinachotakiwa ili kupita: ufunguo mdogo, moto wa chunguni, mvukuto, au hakuna. Danjeni la vyumba 11 linatosha kabisa. Weka vyumba vitatu vinavyofikika tangu mwanzo ili mchezaji awe na pa kuchagua, chumba kimoja kikubwa cha katikati anachorudia mara kwa mara, na njia moja ya mkato inayofunguka kutoka ndani.

Ukiwa na funguo ndogo, hesabu kwa roho mbaya. Mchezaji ana ufunguo mmoja na mbele yake milango miwili. Akifungua huu, je, bado anaweza kuufikia ufunguo unaofuata? Na akifungua ule? Pitia kila mpangilio unaowezekana, hata wa kijinga, maana kuna mtu atacheza hivyo hivyo.

Sheria yetu ya pili ina hatari kubwa zaidi: udongo uliochomwa haurudi. Mchezaji akichoma udongo mahali pabaya akajijengea ukuta mlangoni, gemu limekwisha bila yeye kujua. Kuna dawa tatu. Ya kwanza, hakikisha kila udongo unaoweza kuchomwa unafungua njia tu, kamwe haufungi: matope yasiyokanyagika yakiiva yanakuwa daraja. Ya pili, chumba kirudi mwanzo mchezaji akitoka kabla hajamaliza fumbo. Ya tatu, mpe kitu cha kuvunjia. Mimi natumia mbili za kwanza kwa pamoja. Ya tatu inavutia, ila siku utakapompa nyundo ya kuvunja udongo mgumu, kila fumbo la udongo litatatuliwa kwa nyundo.

Kwa hiyo andika pia ni nini kinahifadhiwa na nini kinarudi. Kwetu, mkaa unarudi kila unapotoka chumbani, na udongo unabaki umeiva pale tu fumbo la chumba lilipokamilika. Sheria hii lazima iwe moja kwa danjeni zima. Chumba kimoja kikienda kinyume, mchezaji hataamini vingine vyote.

Hatua ya 6: Fundisha bila kuandika neno

Koichi Hayashida, mkurugenzi wa Super Mario 3D Land (2011), ameeleza kwamba hupanga mawazo ya hatua zake kwa muundo wa kale wa Asia Mashariki unaoitwa kishōtenketsu: anzisha jambo, liendeleze, ligeuze, kisha lifunge. Kwa danjeni la elementi muundo huu umekaa kama umepimwa.

Chumba cha kwanza baada ya mlango: mstari wa mkaa sakafuni, mwenge unaowaka upande mmoja, pazia la magunia makavu limefunika mlango upande wa pili. Hakuna adui, hakuna saa. Mchezaji anachota moto kwa chungu, anaumwaga kwenye mkaa kwa kubahatisha, mstari unawaka, pazia linateketea, mlango unaonekana. Amejifunza sheria ya kwanza na anafikiri kaigundua mwenyewe.

Chumba cha pili: mstari ule ule, ila umekatika katikati kwa dimbwi la maji. Lazima azunguke na chungu. Cha tatu, geuzo: mkaa unaelekea kwenye pipa la baruti lililo karibu na daraja pekee, na safari hii anatakiwa kuzuia moto badala ya kuuwasha. Hapo kitenzi "huenea" kimeonyesha sura yake ya pili. Cha nne kinachanganya yote na adui wawili wa kusumbua.

Usiweke kibao chenye maandishi "Moto huenea kwenye mkaa!" Ukiona unakihitaji, chumba cha kwanza kina kasoro.

Hatua ya 7: Mlinde mchezaji asipotee

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu danjeni linalolalamikiwa kuliko yote kwenye magemu haya lilikosea hapa, na lilikosea kwa namna ya kufundisha.

Hekalu la Maji la Ocarina ni ukumbi mmoja mkubwa wenye mnara katikati na milango pande zote katika ghorofa tatu. Maji yana viwango vitatu. Kuna sehemu tatu zenye alama ukutani ambapo ukipiga wimbo kwa okarina, filimbi ya shujaa, maji yanakwenda kwenye kiwango cha sehemu hiyo. Ukilichora kwenye karatasi, ni wazo safi mno. Chumba kimoja, hali tatu, na kila hali inafungua milango mingine. Kama ubunifu wa mafumbo ningelipa alama za juu.

Sasa shika padi, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea. Ili kuzama unavaa viatu vya chuma, na viatu hivyo viko ndani ya menyu. Unasimamisha gemu, unakwenda ukurasa wa mavazi, unachagua viatu, unafunga menyu, unashuka polepole hadi chini, unatembea hatua chache, kisha unafungua menyu tena uvivue upande. Fanya hivyo kwa saa mbili. Uzito wa fumbo ulihama ukatoka kichwani ukaja vidoleni. Aonuma mwenyewe baadaye aliomba radhi hadharani kwa usumbufu wa viatu vile.

Kosa la pili ni la macho. Ndani ya mnara wa katikati, maji yakipandishwa hadi kiwango cha kati, kibao kilichokuwa sakafuni kinaelea, na mahali kilipokuwa pana shimo linaloshuka hadi kwenye ufunguo mdogo. Wakati huo mchezaji anapanda juu pamoja na maji, anatazama mlango mpya. Nani atazame chini? Wengi walitoka pale bila ufunguo, wakazunguka hekalu zima, wakaanza kuamini kuwa gemu lao ni bovu.

Lilipotengenezwa upya kwa ajili ya 3DS, mashine ya mkononi ya Nintendo, mwaka 2011, ramani ya vyumba haikuvunjwa. Viatu viligeuzwa kifaa cha kubonyeza mara moja kwenye skrini ya kugusa, na kutani kukawekwa mistari ya rangi inayoongoza hadi kwenye sehemu za kubadilishia maji. Mabadiliko madogo tu, na malalamiko mengi yalipoa. Zingatia kilichobaki bila kuguswa: fumbo lenyewe.

Kutokana na hayo, fanya mambo haya kwenye danjeni lako. Kitendo kikuu cha elementi kiwe kitufe kimoja, hata kama kitakulazimu uondoe kingine. Kila hali inapobadilika, kamera ionyeshe kilichobadilika kwa sekunde mbili, hasa kama kiko nyuma au chini ya mchezaji. Ukumbi wa katikati uwe na kitu kirefu kinachoonekana kutoka vyumba vingi. Kwetu ni bomba la moshi, na kila sehemu ya tanuri inapowashwa moshi wake unapanda mle kwa rangi yake. Mchezaji akisimama popote anahesabu: moshi miwili, bado mmoja.

Na ramani ndogo iseme hali ilivyo sasa. Ramani inayoonyesha kuta tu kwenye danjeni linalobadilika inasema nusu ya ukweli.

Hatua ya 8: Sasa ndiyo upake rangi

Hadi hapa kazi yote ilikuwa ya miraba ya kijivu, na ilistahili kuwa hivyo. Ukiipa rangi danjeni lililokwisha kuchezeka, rangi inakuwa na la kusema: mkaa mweusi unaong'aa ni wa kuwaka, mweusi uliofifia umelowa, udongo mbichi una unyevu unaometa, ulioiva una nyufa. Kitu kisichoshiriki kwenye sheria kisifanane na kinachoshiriki. Ukipamba ukuta kwa magunia yasiyoungua baada ya kumfundisha mchezaji kwamba magunia yanaungua, umemdanganya.

Usitegemee rangi peke yake. Mabomba ya Great Bay yanatofautishwa kwa rangi, nyekundu na kijani zikiwemo, na hizo mbili ndizo zinazowachanganya watu wengi wenye upofu wa rangi. Kwa wanaume wa asili ya Ulaya wanakadiriwa kuwa mmoja kati ya 12. Ongeza umbo: bomba moja liwe na pete, jingine mistari. Kisha piga picha ya skrini, igeuze kijivu, uone kama bado unaelewa chumba.

Sauti nayo ina mambo. Matoleo ya mwanzo ya Ocarina yalikuwa na vipande vya kisomo cha Kiislamu ndani ya muziki wa Hekalu la Moto, vilivyotoka kwenye mkusanyo wa sauti za kibiashara. Katika matoleo yaliyofuata muziki ule ulibadilishwa. Msomaji wa Zanzibar au Mombasa angevitambua mara moja. Sikiliza hadi mwisho kila sauti unayoipakua, jua ni ya nani na inasema nini, na soma leseni yake. "Inasikika kama jangwa" ni sababu mbaya ya kuchukua ibada ya watu. Kwa tanuri letu sihitaji kwaya yoyote. Mlio wa mkaa ukipasuka, pumzi ya mvukuto, na mvumo mzito unaoongezeka kila tanuri linapowaka vinatosha.

Hatua ya 9: Bosi awe mtihani wa vitenzi vile vile

Bosi wa danjeni la moto si lazima awe wa moto. Mwishoni mwa Hekalu la Roho kwenye Ocarina kuna wachawi wawili ndugu, mmoja wa moto na mwenzake wa barafu. Unakinga pigo la mmoja kwa ngao ya kioo na kulielekeza kwa mwingine. Ngao hiyo umeshaitumia humo danjenini kugeuza miale ya jua, kwa hiyo mkono unajua la kufanya kabla ya kichwa.

Bosi wetu ni zimwi la udongo mbichi lililoachwa kwenye shimo la kuchimbia. Upanga unazama mwilini mwake bila kumdhuru, na kila akipiga sakafu anaacha matope yanayonata miguu. Ukutani kuna matanuri matatu yenye makaa mfu. Mchezaji anafufua kaa kwa mvukuto, anasubiri zimwi linyooshe mkono, anasukuma moto mkono uive. Mkono ulioiva ni mzito. Unaanguka na hauinuki, unakuwa ngazi ya kupandia hadi begani. Raundi ya pili zimwi limejifunza, linamwaga maji kwenye makaa, na sheria ya tatu inarudi. Raundi ya tatu mchezaji anachoma matope aliyoachiwa sakafuni yawe njia ngumu ya kukimbilia. Hakuna kitu kipya hata kimoja chumbani mle, na ndivyo inavyotakiwa.

Mpe bosi raundi tatu. Ya nne huwa ni ya mtengenezaji, si ya mchezaji.

Hatua ya 10: Mkalishe mtu, ukae kimya

Kabla ya kompyuta, jaribu kwenye karatasi: wewe ni moto, rafiki ni mchezaji, punje za mahindi ni makaa. Chumba kibovu kitajionyesha ndani ya dakika tano na hakijakugharimu msimbo wowote.

Gemu likishasimama, mtafute mtu asiyejua chochote kulihusu, mpe padi, kaa nyuma yake na daftari. Andika namba ya chumba kila anaposimama zaidi ya dakika moja, kila anaporudi alikotoka, na kila anapofungua ramani mara mbili mfululizo. Akikuuliza "sasa nifanye nini?" mwambie endelea tu. Akitatua fumbo kwa njia ambayo hukuifikiria, usiizibe kabla hujajiuliza kama inafuata sheria zako tatu. Ikifuata, iache, umepewa zawadi.

Kurekebisha kuna utaratibu wake. Anza na taa, yaani angaza kinachotakiwa kuonekana. Ikishindikana, sogeza kamera. Ikishindikana, hamisha samani za chumba. Ikishindikana, gawa fumbo katika vyumba viwili. Maandishi ya maelekezo ni ya mwisho kabisa, na ukifika huko mara tatu ndani ya danjeni moja, rudi hatua ya 3 ukapunguze sheria.